Nina laki tano na nusu: ninunue mashine gani ya kufyekea majani?

SWALI

Mzee Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninaishi Ilazo hapa jijini Dodoma, na kazi inayotulisha ni kutunza bustani za watu. Nilianza na fyekeo na reki katika nyumba za majirani, kisha majirani wakanipeleka kwa wenzao wa Kisasa na Njedengwa, ambao wengi wao ni watumishi waliohamia huku pamoja na wizara zao na hawapati nafasi ya kushughulikia majani. Bustani nyingi ninazozihudumia ni za ukoka au pasipalamu inayomwagiliwa mwaka mzima. Si kubwa sana, zina kingo za matofali, miti michanga na maua. Mvua zikianza, hata hivyo, huitwa pia kufyeka viwanja vitupu na pembezoni mwa nyumba, ambako majani hufika kiunoni na mbigili hutambaa kila mahali.

Msimu uliopita nilikuwa nikikodi mashine ya kufyekea inayotumia uzi kwa shilingi 15,000 kwa siku, petroli na uzi vikiwa juu yangu. Faida yake nimeiona, kwani bustani iliyokuwa ikinimalizia asubuhi nzima kwa fyekeo naimaliza kabla jua halijawa kali. Tatizo ni kwamba mwenye mashine naye anafanya kazi hiyo hiyo, na siku ninayoihitaji mimi ndiyo siku anayoihitaji yeye. Tulipogawana fedha za kikoba chetu nilipata shilingi 550,000, na nimeazimia kwamba zote zinunue mashine yangu mwenyewe.

Nimezunguka madukani na nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Duka moja lina mashine ya petroli iliyotengenezwa China, imeandikwa cc 52, kwa shilingi 320,000, na muuzaji anasema hakuna yenye nguvu kama hiyo na atanipa kisu, kichwa cha uzi na miwani bure. Duka hilo hilo lina ndogo yake ya cc 43 kwa shilingi 290,000, lakini muuzaji hakutaka hata kuishusha kwenye rafu, akisema hiyo ni ya kuchezea. Duka jingine lina mashine ambayo petroli yake haichanganywi na oili, kwa shilingi 430,000. Yupo pia mtu aliyekuwa akifanya kazi za usafi kwa mkataba, ambaye anauza mashine iliyotumika ya kampuni maarufu ya Ulaya kwa shilingi 500,000 na kuniapia kwamba nitaizeekea. Shemeji yangu wa Dar es Salaam naye ananishauri ninunue ya betri, shilingi 400,000 pamoja na betri moja na chaja, kwa sababu haina kelele wala moshi.

Mimi si mrefu, na mgongo wangu ulikuwa ukiniuma kila nilipotumia mashine ya kukodi. Naomba unisaidie kuchagua, na unieleze kama ni kweli kwamba cc zikiwa nyingi ndiyo bora, na kama kwa kazi yangu nitumie uzi au kisu. Jambo la mwisho ni kwamba ninaye mdogo wangu wa kiume wa miaka 16 aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani tu. Nataka nimfundishe mashine ili tugawane kazi. Unaonaje?

Mtunza bustani,
Ilazo, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakushauri ununue ile ya cc 43 ambayo muuzaji hakutaka kuishusha kwenye rafu, na nakuomba uvunje lile azimio la kuzimaliza shilingi 550,000 zote kwenye mashine. Ukishalipa 290,000 zitabaki 260,000, na kila shilingi ya hizo ina kazi yake, kama nitakavyoeleza. Mtu anaweza kuwa na mashine nzuri kabisa na bado akakaa nyumbani wiki ya pili kwa kukosa uzi, plagi au buti.

Tuitazame kwanza kazi yako, maana hiyo ndiyo inayochagua mashine. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka mzima huwa kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kwako wewe maana yake ni kwamba viwanja vya majani ya kiunoni ni kazi ya miezi minne au mitano, na miezi mingine yote utaishi kwa zile bustani zinazomwagiliwa. Ukoka uliotunzwa hauhitaji nguvu ya kutisha. Unahitaji uzi unaozunguka kwa kasi, mikono inayoweza kukishikilia kichwa cha mashine katika kimo kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu ambaye ikifika saa nne asubuhi bado ana mgongo. Kwa hiyo inunuliwe mashine ya kazi ya miezi mingi, mradi ile ya miezi michache nayo iimudu.

Sasa hizo cc. Ni ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo, na muuzaji hakukudanganya aliposema kwamba injini yenye ujazo mkubwa hutoa nguvu nyingi zaidi. Alichokificha ni kwamba uzi wa nailoni hukata kwa kasi ya ncha yake. Uzi wa milimita 2.4, ambao ndio unaofaa ukoka na pasipalamu, huzungushwa vizuri hata na injini ya cc 26 au 30. Ya cc 43 ina akiba ya kuzungusha uzi wa milimita 3 au kisu wakati wa mvua. Ya cc 52 utailipia petroli zaidi na mtetemo zaidi mikononi, na nguvu yake ya ziada hutaiona faida mpaka siku utakapofyeka vichaka kutwa nzima. Kwa uzito hazipishani sana, kwa hiyo usitarajie kwamba 43 itakuwa nyepesi kama ufagio. Lipo jambo moja ambalo muuzaji angeweza kulitumia kujitetea, nalo ni kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku, kwa kuwa ni nyepesi kuliko ya Pwani, huipunguzia injini yoyote ya namna hii karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hata ukiitoa sehemu hiyo, cc 43 bado inakutosha.

Kabla hujatoa fedha, soma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma cha injini yenyewe, na karatasi ya rangi iliyobandikwa kwenye kifuniko usiitegemee. Injini nyingi za China za aina hii huwa na alama kama 1E40F-5 au 1E44F. Namba 1 ya mwanzo inaonyesha silinda moja, E inaonyesha kwamba ni injini ya mapigo mawili, yaani ile inayochanganywa oili na petroli, na 40 au 44 ni kipenyo cha tundu la silinda kwa milimita. Pistoni ya injini hizi mbili kwa kawaida husafiri milimita 34, na ukipiga hesabu utaona kwamba tundu la milimita 40 hutoa cc 42.7 na la milimita 44 hutoa cc 51.7, ambazo ndizo zinazoitwa 43 na 52 madukani. Wapo wanaobandika karatasi ya 52 kwenye injini ya 40, na mnunuzi akalipia karatasi. Ukikuta kwamba ile ya shilingi 320,000 nayo imechongwa 1E40F, huna haja ya kugombana na mtu. Rudi kwenye ile ya 290,000 na uombe wakuongezee kisu na kichwa cha uzi.

Alama hiyo ina faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuichagua mashine hii. Injini ya 1E40F-5 hutengenezwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa majina na rangi nyingi, lakini pistoni, kabureta, klachi na stata zake kwa kiasi kikubwa huingiliana. Jina lililoandikwa kwenye mashine yako likitoweka sokoni mwakani, spea hazitatoweka nalo, na fundi anayeijua moja anazijua zote. Mashine ya kutafutia riziki hupimwa kwa siku inayolala fundini: kamba ya stata ikikatika asubuhi, unataka jioni iwe imerudi, wala hutaki kusubiri kifurushi kipakiwe basi Kariakoo. Kwa hiyo ukiwa dukani omba uonyeshwe kwa macho kabureta, stata nzima, klachi na kichwa cha uzi cha akiba. Muuzaji akisema vipo stoo, mwombe avilete. Asipovileta, si lazima ununue hapo, kwa kuwa injini hiyo inauzwa na wengi. Popote utakaponunua, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, yenye jina la mashine na tarehe, kwani bila hiyo dhamana yoyote aliyokuahidi kwa mdomo haina mshiko.

Mashine ya shilingi 430,000 siidharau hata kidogo. Injini yake ya mapigo manne, yaani ile isiyochanganywa oili na petroli, hunywa petroli pungufu kuliko ya mapigo mawili, haitoi moshi wa oili, na ngurumo yake haimkeri sana mwenye nyumba aliyelala mchana baada ya zamu ya usiku. Ungekuwa na laki saba ningekwambia uitazame vizuri. Lakini injini za ukubwa huo hubeba oili kidogo mno, nyingi kati ya mililita 80 na 100, na asubuhi moja tu ya kusahau kuikagua inatosha kuiua. Ina vali zinazotaka kurekebishwa kila baada ya muda, na kabla ya kuinunua lingekuja swali lile lile la spea. Zaidi ya hayo, tofauti ya shilingi 140,000 kati yake na ya cc 43 ndiyo fedha ya buti, kinga ya uso na uzi wako.

Ukichukua ya mapigo mawili, jambo litakaloamua maisha yake ni uchanganyaji wa oili, na hapo ndipo mashine nyingi hufia. Fuata kijitabu chake. Kikisema 25 kwa 1, weka mililita 40 za oili katika kila lita ya petroli. Kikisema 50 kwa 1, weka mililita 20. Kwa dumu la lita 5 hizo ni mililita 200 au 100. Oili iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya injini za mapigo mawili zinazopozwa kwa hewa. Oili ya gari haifai, na ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye bodaboda ndiyo usiiguse kabisa, hata ukipewa bure na mtu anayekutakia mema. Oili ikizidi kidogo utaona moshi na plagi itachafuka, jambo ambalo ni la kusafisha tu. Ikipungua, pistoni hukwaruza silinda, na hapo unanunua vyote viwili. Kupima kwa kifuniko cha chupa ya maji ni kubahatisha. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, ulifunge kwenye dumu lako kwa uzi, na lisitumike kwa kitu kingine. Changanya kiasi cha kutosha wiki moja au mbili, kwa sababu petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuacha utando kwenye kabureta, kisha mtu akavuta kamba mpaka bega likamtoka akidhani plagi ndiyo mbovu.

Injini ya cc 43 ikifanyishwa kazi kwa nguvu hula karibu lita moja kwa saa. Unapompangia mteja bei, hesabu lita hiyo kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, huitangaza kila mwezi, ongeza oili na uzi, kisha ongeza sehemu ndogo ya kuichakaza mashine. Ulikuwa ukilipa shilingi 15,000 kwa siku kuikodi ya mtu. Kwa kiwango hicho bei ya mashine hii ni sawa na siku 20 za kukodi, na siku ya 21 ile 15,000 isigeuke kuwa sukari na unga yote. Sehemu yake iende kwenye kopo la mashine.

Ile iliyotumika ya kampuni ya Ulaya huenda ndiyo mashine bora kuliko zote ulizoziona, na huenda pia ni chuma chakavu kilichopigwa rangi. Ukitaka kwenda kuiona, nenda injini ikiwa ya baridi, maana muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana jambo. Vuta kamba polepole usikie kama inapinga kwa nguvu katika kila mzunguko. Ikiwaka na kubaki bila resi, kichwa hakitakiwi kuzunguka. Kikizunguka, ama klachi imechoka ama resi imepandishwa ili kuficha kwamba inazima ovyo. Kisha izime, ipoe, na mlipe fundi afungue sailensa mmulike pistoni kwa tochi kupitia tundu la moshi. Ukuta wake ukiwa na mikwaruzo ya kwenda juu na chini, mshukuru mwenyewe na uondoke. Angalia pia namba ya mashine: iliyofutwa kwa tupa haiuzwi na mwenyewe. Hata ikifaulu yote hayo, kwa shilingi 500,000 utabaki na elfu hamsini, huna buti, huna uzi, na spea zake ni za bei ya jina lake. Akishuka hadi 350,000, andika tena tuzungumze.

Kuhusu betri, shemeji yako hajakosea juu ya kelele. Hata hivyo, betri moja ya mashine za bei hiyo hufanya kazi kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha huhitaji kuchajiwa kwa muda mrefu kuliko ilivyofanya kazi, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ni mashine safi kwa mwenye bustani moja nyuma ya nyumba yake.

Kwa mgongo wako, umbo la mashine lina maana kuliko injini yake. Chukua yenye bomba lililonyooka, kwa sababu yale mabomba yaliyopinda kama kiwiko huzungushwa na waya laini ulio ndani yake na hayakubali kisu. Mpini uwe ule wa mikono miwili unaofanana na usukani wa baiskeli, na mkanda uwe wa mabega mawili wenye pedi kiunoni. Ukipewa ule wa bega moja, nunua mwingine kwa fedha yako hata kama utauma meno. Mashine hizi huwa na kilo saba au nane bila petroli, na mkanda ukirekebishwa vizuri uzito huo hukaa kwenye nyonga. Ukiwa umesimama wima na mikono umeiachia, kichwa cha uzi kinatakiwa kuning'inia karibu na ardhi bila kuigusa. Kama kinagusa au kinaelea juu, sogeza kishikizo cha ndoano kwenye bomba mpaka kikae sawa, na usikubali kutoka dukani kabla ya kufanyiwa hivyo. Nashuku kwamba mashine ya kukodi ilikuwa imefungwa kwa kimo cha mwenyewe, nawe ukawa unaiinamia kutwa.

Tuzigawe sasa zile 260,000. Shilingi 110,000 ziwe za kinga: buti ngumu, suruali nzito, glavu, kinga ya uso ya wavu pamoja na miwani ndani yake, na viziba masikio vya kufunika sikio lote. Ile miwani ya bure huwa laini mno, hupata mikwaruzo upesi, na mtu asiyeona vizuri huivua. Masikio watu huyapuuza kwa sababu hayatoi damu, lakini sauti ya injini hizi karibu na kichwa cha mtumiaji hupita kwa mbali desibeli 85, kiwango ambacho kazi ya kutwa juu yake huharibu usikivu. Ukija kupata kazi kwenye ofisi au taasisi, vifaa hivi utaulizwa, kwani viko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Shilingi 60,000 nyingine ziwe za roli la uzi, kichwa cha akiba, plagi, oili, dumu na grisi ya gia. Zilizobaki 90,000 zikae bila kuguswa, ziwe za matengenezo na za kioo cha gari la mteja.

Kioo hicho sikitaji kwa mzaha. Udongo wetu una changarawe nyingi, na uzi hurusha kokoto mbali na kwa nguvu. Kabla ya kuwasha, pita bustani nzima ukiokota mawe, waya na vipande vya chupa, omba gari lisogezwe, na hakikisha hakuna mtu, mbuzi wala mtoto ndani ya mita 15. Kinga ya plastiki iliyo juu ya kichwa cha uzi isitolewe, hata ukimwona mwenzako ameitoa ili uzi uwe mrefu. Ukiwa mrefu kupita kipimo huichosha injini, na kinachorushwa kinakuja kwenye miguu yako.

Uzi wenyewe una siri moja inayotuhusu sana sisi wa kanda hii kavu. Nailoni hufyonza unyevu kutoka hewani, na ikikaukiwa huwa ngumu na kukatika ovyo, ndiyo maana uzi ule ule unaodumu Tanga hukatikakatika Dodoma mwezi Septemba. Loweka kipande cha kesho kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha ukizungushe kwenye kichwa asubuhi, utaona tofauti. Uzi wa mviringo hudumu zaidi, na wenye pembe hukata kwa usafi zaidi lakini huisha haraka, kwa hiyo kwa kingo za matofali tumia wa mviringo. Ukiishiwa, usishawishike kufunga waya wa breki ya baiskeli au kipande cha mnyororo, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wa mtaani. Kipande cha chuma kikikatika katika kasi ile huruka kama risasi. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya ilipiga marufuku vichwa vya minyororo kwenye mashine hizi baada ya kipande kilichokatika kuua mtu.

Kwa kazi yako, tumia uzi karibu wakati wote. Kisu kifungwe tu kwenye viwanja vya mvua vyenye mashina magumu, mbali na kuta na mawe, kwa sababu kikigonga kitu kigumu hurusha mashine nzima pembeni pamoja na aliyeishika. Kwenye bustani, zungushia kila mti mchanga duara la udongo mtupu uliolimwa kwa jembe la mkono, ili uzi usilikaribie shina. Gome likichubuliwa kuzunguka shina lote, mti hufa, na katika mji ambao watu hustawisha mwarobaini kwa maji ya ndoo, mteja hatasahau. Mwendo wa kukata uwe kutoka kulia kwenda kushoto, na wakati wa kiangazi usiunyoe ukoka hadi udongo uonekane, uache sentimita nne au tano ili mizizi isiungue.

Vumbi nalo lina siku zake. Upepo wa Julai hadi Oktoba unapovuma, fungua chujio la hewa kila jioni, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa, kisha ulipake tone la oili na kulikamua. Injini inayovuta vumbi la Dodoma bila chujio haimalizi kiangazi.

Mdogo wako asiishike mashine kwa sasa, ingawa najua si jibu ulilolitaka. Ana miaka 16, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi zinazohesabiwa kuwa za hatari. Hata sheria ikiwekwa kando, mashine ya kukata inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika si kitu cha kumpa kijana ambaye ukigeuka ataionyesha kwa rafiki zake. Kazi yake ipo na ina thamani: aokote mawe kabla hujawasha, asimame mita 15 akiwazuia wapita njia, akusanye majani kwa reki, apime oili kwa bomba la sindano wewe ukimtazama, na aandike kwenye daftari lita zilizotumika katika kila nyumba. Mlipe kwa kazi hiyo. Atakapotimiza 18 atakuwa ameijua mashine kwa masikio na kwa hesabu, na utaanza kwa kumvalisha mkanda injini ikiwa imezimwa.